Kinyozi Aliyejifunza Kusema Kidogo

Wateja walimwita Redio, na hakuna aliyehitaji kuelezwa sababu. Ukikaa tu kwenye kiti chake cha kuzunguka, hata kabla hajakufunga kitambaa shingoni, alikuwa ameshakupa habari za mvua, bei ya saruji, ndoa ya jirani na kosa la golikipa. Ulikuja kupunguza nywele, ukaondoka umeongezewa mambo. Kulikuwa na wazee waliotoka mtaa mwingine kabisa, wakapita vinyozi wengine njiani, ili waje kusinzia chini ya sauti yake. Yeye aliona hiyo ni heshima.

"Wananisikiliza mpaka wanafumba macho," alimwambia mkewe.

"Nimewaona," mkewe alijibu.

Mkewe alikuwa mshona mapazia. Chumba cha cherehani yake kilipakana na kile cha kunyolea, ukuta mwembamba katikati, kwa hiyo kila hadithi ya mumewe alikuwa ameisikia mara nyingi kiasi kwamba aliweza kumsahihisha bila kunyanyua macho kwenye mshono. Hawakujaliwa kuzaa. Walikuwa na Kijiko.

Kijiko alikuwa binti wa dada yake Redio, mdogo wake aliyemfuata. Alizaliwa kabla ya wakati, mdogo mno hata kunyonya hawezi, wakawa wanamdondoshea maziwa mdomoni kwa kijiko cha chai. Jina likaganda hapo hapo. Mama yake wakati ule pombe ilikuwa imemshika barabara. Hakuweza kujitunza mwenyewe, sembuse kitoto cha namna ile. Redio na mkewe wakamchukua. Miaka ilipopita mama mtu akaacha kunywa, akapata kazi ya kufua mashuka hotelini, na kila Jumapili akawa anakuja na mfuko wa matunda kumwona mwanawe. Kijiko hakupenda mambo yamchanganye. Aliamua kwamba ana mama wawili, Mama wa Nyumbani na Mama wa Jumapili, na aliyeona hiyo ni ajabu alihurumiwa kwa kuwa na mmoja.

Alikua akawa msichana mchangamfu, mwenye huruma ya kupitiliza. Ukimtuma mkate alirudi na paka. Jedwali la hesabu alilolisema jana bila kukosea, leo alilitazama kama mgeni asiyebisha hodi. Nguo yenye lebo shingoni ilimtesa kama siafu. Mashine ya kunyolea ikiwashwa aliziba masikio na kukimbilia kwenye mapazia. Na kila mtu alikuwa rafiki yake: mtu akimwambia "njoo," alienda, akimwambia "nipe," alitoa. Kisha akiulizwa, alieleza kisa ambacho nusu yake ilitokea na nusu nyingine ameiokota njiani, na wa kwanza kukisadiki alikuwa yeye mwenyewe.

Dawa ya Redio ilikuwa ile anayoijua: hotuba. Alimkalisha Kijiko kwenye kiti cha wateja akaanzia mbali, enzi ambazo yeye mwenyewe alikuwa mtoto na akitumwa anakwenda mbio, akapita kwenye heshima, akagusa maisha ya baadaye, akarudi kwenye mkate.

"Umenielewa?" alimaliza, jasho likimtoka.

"Ndiyo, Mjomba."

"Haya, nimesema nini?"

Kijiko alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Umesema, umenielewa?"

Upande wa pili wa ukuta cherehani ilisimama ghafla, na mtu akasikika akijikaza asicheke.

Mwalimu wa Kijiko ndiye aliyewaambia wasichoke kuuliza. Huyu mtoto si mvivu, alisema, kuna kitu. Wakaenda hospitali, wakapangiwa vipimo na maswali, wakarudi tena na tena, mpaka daktari, mama mmoja mtulivu mwenye miwani, alipowakalisha akawaeleza. Pombe ilimfikia Kijiko akiwa bado tumboni, wakati ubongo wake unajengeka. Ndiyo maana kumbukumbu yake huja na kuondoka, ndiyo maana kelele humchoma, ndiyo maana hawezi kukisia hatari kwa mtu anayetabasamu. Si ukaidi. Si malezi mabaya. Na hali hiyo atakuwa nayo maisha yake yote.

"Dawa yake?" Redio aliuliza.

"Ya kuifuta hakuna. Lakini anaweza kusaidiwa akaishi vizuri. Anayeanza kubadilika ni anayekaa naye. Mfano: ukimwambia jambo, tumia maneno machache. Jambo moja, kisha subiri."

"Nibadilike mimi? Mimi kuongea sina tatizo hata kidogo."

Mkewe alikohoa kikohozi kirefu. Daktari akampa maji, akawaambia pia kwamba kuna kikundi cha familia zenye watoto wa namna hii, hukutana Jumamosi katika chumba cha nyuma cha maktaba.

Redio alitoka hospitali na jambo moja tu kichwani, na halikuwa maneno machache wala maktaba. Alikuwa amepata wa kulaumiwa. Jumapili dada yake alipokuja na matunda, Redio alimpa kisogo, akavaa viatu akasema anakwenda kutazama mpira. Siku hiyo hakukuwa na mpira popote. Jumapili iliyofuata vilevile. Mtu aliyeweza kuongea na ukuta ukamjibu akawa hana hata salamu kwa mdogo wake wa damu, na dada, ambaye hakuwa mjinga, akawa anaweka matunda mlangoni, anakaa kidogo na mwanawe kwenye ngazi, anaondoka.

"Unamwadhibu nani?" mkewe alimuuliza.

"Hakuna ninayemwadhibu. Mimi napenda mpira."

Kwa mkewe kulikuwa na njia moja tu ya kumpeleka Redio mahali asipotaka, nayo ni kumwambia anahitajika. Akamwambia kwamba kikundi cha maktaba kina viti vizito na kina mama peke yao hawaviwezi. Redio akatunisha kifua. Atabeba viti, alisema, kisha atasubiri nje.

Mwenyekiti wa kikundi alikuwa dereva wa lori la mchanga, mwanamke mpana, mwenye sauti iliyozoea kushindana na injini. Wote walimwita Dereva. Alipompa Redio mkono, kinyozi alisikia vidole vyake vikisalimiana vyenyewe kwa vyenyewe. Viti vilikuwa vya plastiki, mtoto angeweza kuvibeba. Redio alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa anatazama vitabu.

"Kaa, kaka," Dereva alisema. Redio akakaa.

Kulikuwa na bibi anayelea mjukuu, mume na mke waliopokea mtoto wa kulea, mama mmoja kijana aliyekuwa anatazama sakafu muda wote. Waliongea mambo ambayo Redio alidhani yanatokea nyumbani kwake tu. Bibi alisimulia jinsi mjukuu wake alivyogawa viatu vyake vya shule akarudi pekupeku na furaha tele, na watu wakacheka kicheko cha wenye viatu vilivyogawiwa. Redio akasahau kwamba amekuja kubeba viti. Akasimulia ya mkate na paka, ikapokelewa vizuri mno, na hapo kichwa kikamvimba. Akaendelea. Aliongea mpaka akafika pale ambapo mtu mwenye busara angekunywa chai.

"Mimi nasema wazi," alisema. "Mwanamke anayekunywa na huku amebeba mtoto hana moyo. Mama wa namna hiyo hafai kuitwa mama."

Mama kijana akazidi kuinama. Dereva alikuwa anammiminia Redio chai, na aliendelea kummiminia mpaka kikombe kikajaa, kwa mkono usiotikisika.

"Basi nitazame vizuri, kaka," alisema, "maana unayemsema ndiye anayekumiminia chai."

Redio akafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu mtaa umfahamu, mdomo ulifunguka na hakikutoka kitu.

"Nilikuwa nakunywa," Dereva alisema, bila ukali. "Nilianza kabla sijajua nina mimba, na nilipojua nikashindwa kuacha. Walionitukana walikuwa wengi. Aliyeniuliza nahitaji msaada gani hakuwepo. Yule pale ni binti yangu." Alionyesha msichana mkubwa aliyekuwa akipanga vikombe kwa rangi, amezama kabisa katika kazi yake. "Ningekuwa sina moyo, nisingekuwa nauburuza hapa kila Jumamosi. Kunywa chai, itapoa."

Redio akanywa. Ilimuunguza ulimi, akaona ni halali yake.

Njiani kurudi hakusema neno. Mkewe alitembea kando yake akiufurahia ukimya kama mtu aliyeletewa feni.

Wiki zilizofuata alianza kujifunza maneno machache, na hapo ndipo mtaa ulipopata burudani. Kikundi kilikuwa kimemwelekeza: jina la mtoto kwanza, jambo moja, nyamaza. Mambo mawili ya mwanzo aliyaweza. Lakini kunyamaza! Alisema, "Kijiko. Leta taulo," kisha akabana midomo, mashavu yakatuna, macho yakamtoka. Mteja mmoja aliyekuwa kwenye kiti aliona uso ule kwenye kioo akadhani kinyozi amepatwa na maradhi, akataka kuteremka na upara nusu.

Lakini taulo lililetwa. Lililetwa taulo, si paka. Redio alilishika kana kwamba amekabidhiwa kombe.

Mkewe akachora picha za kubandika ukutani: mswaki, nguo, mkoba, mlango. Kijiko akawa anazifuata kwa kidole kila asubuhi na kelele za asubuhi zikapungua nusu. Dereva naye hakukaa na wanakikundi tu. Alizima lori mwisho wa barabara akapita duka hadi duka pamoja na mama mshona mapazia, wakiwaeleza watu. Huyu binti akija kununua mwambie jambo moja. Ukimwona anaondoka na mtu usiyemjua, uliza. Muuza mboga alisikiliza, fundi simu alisikiliza, na hata yule muuza magodoro ambaye hasikilizi mtu alisikiliza, kwa sababu Dereva alikuwa amesimama kati yake na mlango.

Kisha ikaja Jumatano ya mashine.

Mkewe Redio alikuwa amekwenda kutundika mapazia kwa mteja. Redio naye alitoka kwenda kununua poda, duka la kona tu, akamwacha Kijiko amekaa anachambua vitana. Akiwa ametoka, akaingia mwanaume aliyevaa shati zuri, akatabasamu.

"Mjomba wako amenituma. Anataka ile mashine kubwa ya kunyolea, ameniambia nimpelekee."

Kijiko alichomoa waya, akaukunja vizuri, akaifuta mashine, akaiweka kwenye mfuko. Akaongeza na brashi, maana mjomba hupenda kufagia shingo za watu. Akamsindikiza mgeni hadi mlangoni akampungia mkono.

Redio aliporudi alikuta waya hakuna, mashine hakuna, na mtoto anang'aa kwa kazi nzuri aliyoifanya.

"Mjomba, mtu wako ameshachukua mashine. Nimempa na brashi!"

Maneno machache yakaenda arijojo. Redio akafungulia sauti zote. Aliongea habari ya wezi, akili, kazi aliyoifanya tangu ujana, akauliza maswali akayajibu mwenyewe, mikono ikipaa, wateja waliokuwa ndio kwanza wanaingia wakirudi nyuma hadi ukutani. Kijiko aliziba masikio. Aliporomoka chini ya meza ya vioo, akajifunika taulo kichwani, akaanza kujitikisa mbele na nyuma akitoa sauti nyembamba isiyokatika. Redio akainama amtoe. Sauti ikapanda.

Mlangoni akasimama dada yake. Hoteli ilikuwa imempa siku ya kupumzika, na alikuwa ameleta sare ya shule ya Kijiko, ameifua na kuinyoosha kama walivyofundishwa kunyoosha mashuka ya wageni. Alitazama, hakuuliza. Aliweka sare juu ya kiti, akavua viatu, akaingia chini ya meza na kukaa sakafuni katikati ya nywele za wateja, si karibu sana na mwanawe, si mbali. Hakumgusa. Hakusema kitu. Baada ya kitambo akaanza kupumua taratibu, kwa kusikika, kama mtu anayelala.

Redio alibaki amesimama katikati ya chumba chake mwenyewe, hajui mikono aiweke wapi. Aliwaashiria wateja watoke. Akazima feni. Akazima na redio ile nyingine, ya betri. Kisha, kwa kuwa hakuwa na cha kufanya, naye akakaa sakafuni.

Ile sauti nyembamba ikapungua, ikakatika. Mkono mdogo ukatoka chini ya taulo, ukatafuta, ukashika kidole cha mama.

"Leo si Jumapili," Kijiko alisema.

"Si Jumapili," mama yake alikubali.

Wakiwa katika hali hiyo, watatu sakafuni, akaingia fundi simu akihema, mfuko mkononi. Alikuwa amemwona Kijiko akimpungia mkono mtu asiyemfahamu, akakumbuka maneno ya Dereva, akamfuata yule bwana na kumwambia warudi pamoja wakamsalimie Redio. Bwana hakuwa na hamu ya salamu. Aliuangusha mfuko akatimua mbio, na shati zuri likapotelea nyuma ya magodoro.

"Na brashi imo," fundi simu alisema. Akachungulia chini ya meza. "Mnatafuta nini huko?"

"Hatujapoteza kitu," Redio alijibu. "Asante, ndugu yangu. Asante sana." Na kwa namna ambayo fundi simu aliisimulia baadaye mtaa mzima, aliishia hapo.

Kijiko alipolala kwenye rundo la mapazia chumba cha pili, kaka na dada walibaki. Dada alikuwa anajipangusa nywele za watu kwenye sketi. Redio alitafuta pa kuanzia. Angeweza kuanzia mbali, enzi za utoto wao. Akaacha.

"Dada. Nimekosea. Usiondoke."

Dada alimtazama kwa wasiwasi. "Kaka, unaumwa?"

"Nimefundishwa kusema kidogo."

Dada alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. "Nilikuwa najua," alisema. "Hata kabla ya daktari wenu. Kila Jumapili namtazama nasema, hili ni langu. Nilijaribu kuacha, kaka. Nilijaribu na mimba ikiwa tumboni, nikashindwa, nikajaribu tena. Ulipoanza kwenda kwenye mpira wako nikasema sawa, ninastahili."

Redio alisikia maneno mengi yakimpanda kooni, mengine mazuri kabisa. Akayameza.

"Jumamosi," alisema. "Maktaba. Kuna mtu nataka akumiminie chai."

Dada alikwenda. Alikaa karibu na mlango mara ya kwanza, tayari kukimbia, na Dereva akaja na kiti chake akakiweka kati yake na mlango, kama alivyofanya kwa muuza magodoro. Yule mama kijana aliyekuwa akitazama sakafu siku zote alihamia karibu nao. Walichoongea watatu wale Redio hakukisikia, ingawa alipita mara kadhaa akijifanya anapanga viti.

Tangu hapo Jumatatu asubuhi kwa kinyozi ni kimya. Hakuna redio ya betri, hakuna feni, hakuna mashine, ni mkasi tu, na kwenye kioo kuna picha za mkewe: kiti, kitambaa, mkasi, kioo, kwaheri. Watoto wa kikundi huja siku hiyo, na wale wa vikundi vya mitaa mingine ambao hawajawahi kunyolewa bila kushikiliwa na watu wazima. Kijiko ndiye anayewaonyesha picha, moja baada ya nyingine. Siku nyingine huruka picha ya mkasi akaenda moja kwa moja kwenye kwaheri, mtoto akateremka na nywele zake zote, ameridhika. Redio humwacha aende, wiki ijayo wataendelea. Wazee wanaokuja kusinzia walilalamika kwamba Jumatatu hawapati usingizi. Akawaambia waje Jumanne, atawalipa fidia.

Muuguzi wa kliniki ya wajawazito alisikia habari za kikundi akamwomba dada yake Redio aje azungumze na kina mama, si kwa kuwatisha, bali awaambie ukweli na mahali pa kupata msaada. Dada hakulala vizuri kwa kuiwaza siku hiyo. Redio na Kijiko walimsindikiza. Muuguzi alimruhusu Redio abebe viti, kisha akamfungia mlango nje, kwa adabu lakini kwa funguo. Inasemekana mshona mapazia alikuwa ameshapiga simu.

Redio alikaa kwenye benchi, sikio mlangoni. Alimsikia mdogo wake akianza kwa sauti ya kutetemeka, ikakwama, ikaanza tena. Kisha likaja swali, kisha sauti nyingi kwa pamoja. Alipotoka alikuwa amelowa jasho, na nyuma yake alitoka mwanamke mmoja mwenye tumbo la kuanza kuonekana, akauliza kwa sauti ya chini maktaba iko wapi hasa. Dada alimwelekeza. Mwanamke hakuonekana kuelewa. Dada akamwambia, "Jumamosi nitakupitia nyumbani, twende wote."

Kurudi, Kijiko aliomba aongoze njia. Alitangulia, kichwa juu, na kwenye kona ya duka la vioo akakata kushoto badala ya kulia. Redio akafungua mdomo. Dada akamfinya mkono. Wakamfuata wakapita yadi ya mbao, wakapita nyuma ya shule, jua likiwa kali na viatu vya Redio vikimbana, mpaka Kijiko akasimama mbele ya geti la bluu asilolijua.

Alilitazama kwa muda. Akageuka.

"Tumepotea," alitangaza, kwa sauti ya mtu anayewapa wengine habari. "Nani anajua njia?"

"Nani tumuulize?" mama yake alisema.

Kijiko alifikiri. Alimtazama mwanaume mmoja aliyepita akitabasamu, akamwacha apite. Akamtazama mwanamke aliyekuwa ameketi kwenye kibanda akiuza vocha, mwenye kitambulisho kifuani. Kisha akamtazama mjomba wake.

"Wewe," alisema. "Lakini sema kidogo."